Chukudu: kabla ya kushuka nayo mara ya kwanza



Mwezi wa pili 2025, kambi za wakimbizi wa ndani zilipovunjwa, nilisimama kando ya barabara ya Sake. Chukudu zilipita zimebeba magodoro, masufuria, shiti, hata mlango mzima wa mbao. Kijana mmoja wa miaka kama 16 alisimama karibu yangu apumue. Nikamuuliza ameanza lini kazi hii. Akajibu: «Leo, kaka.» Chukudu aliiazima kwa jirani. Mzigo ulikuwa umepita kichwa chake, na familia yake ilikuwa ikielekea Masisi, ambako njia ni kupanda na kushuka.

Sisi wa Goma tunaiona chukudu kila siku, kwa hiyo tunadhani kila mtu anazaliwa anaijua. Si kweli.

Chukudu ilianza kuonekana huku Kivu ya Kaskazini katika miaka ya 1970. Tarehe 30 mwezi wa kumi na moja 1973, Mobutu alitangaza Zairianisation: biashara na mashamba ya wageni yakapewa wazalendo. Uchumi ukaporomoka, magari na vipuri vikawa haba, lakini viazi na kabichi ziliendelea kuota na soko lilizingoja. Watu wakachukua mbao za mkaratusi na za mti mgumu wa mumba, wakachonga magurudumu mawili, wakayavika mpira wa tairi kuukuu. Jina, wengi husema, ni mlio wake kwenye mawe. Yenye urefu wa mita 2 hivi hubeba kilo 400 na zaidi, bila tone la mafuta.

Tangu hapo haikukosa katika shida zetu. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, Nyiragongo ilimwaga moto wake katikati ya mji hadi ziwani. Mji ulipojengwa upya, mbao na mawe vilisafiri juu ya chukudu. Tarehe 27 mwezi wa tano 2021, siku tano baada ya volkeno kulipuka tena, serikali iliamuru mitaa mingi ihame, na watu wengi wakashika njia hii hii ya Sake. Mji umeisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye rond-point. Sanamu hiyo naipenda, ila haionyeshi breki.

Hapo ndipo penye hatari. Baba yangu mdogo alikuwa akishusha kabichi kutoka Kibumba. Hakuniruhusu kugusa mzigo kwa majuma mawili. Kwanza niliisukuma tupu mahali tambarare, mguu mmoja chini, hadi nikajua inavyokata kona (inakata kwa uzito, kama ng'ombe mkaidi). Kisha mteremko mfupi, bado tupu. Kisha gunia moja.

Breki nyingi ni kipande tu cha mpira nyuma, unachokikandamiza kwa mguu juu ya gurudumu. Kwenye mteremko unapiga goti juu ya ubao, pale kilipopigiliwa kipande cha sandali ili goti lisichubuke, na mguu wa pili unabaki huru kwa breki. Baba mdogo alikuwa akiijaribu kabla ya kilima, si kilimani. Mvua ikinyesha alishuka na kutembea, akiishikilia chukudu kwa nyuma, maana mpira uliolowa hauumi vizuri. Ukingoja mwendo ukolee ndipo ukanyage, umechelewa. Kilo 400 hazikusikilizi.

Na mzigo: vizito viwe chini kabisa, katikati ya magurudumu, vyepesi juu yake. Kamba ipite chini ya ubao, si juu ya magunia tu. Ukirundika juu sana, mzigo unaanza kuyumba, na kila kiyumbisho kinaita kingine. Hata rimoriki inayovutwa na gari ina tabia hiyo: ukiilemeza nyuma, mkia unaitikisa gari yenyewe. Wala mtoto asiketi juu ya mzigo kwenye mteremko, hata akilia kwamba amechoka.

Yule kijana nilimwambia haya kwa ufupi, nikiona aibu kidogo, maana mimi nilikuwa na kinasa sauti mkononi na yeye alikuwa na nyumba nzima. Mama yake ndiye aliyeanza kufungua kamba. Tulishusha kila kitu, tukaweka gunia la maharage na masufuria chini, kamba tukaipitisha chini ya ubao. Magodoro mawili hayakupata nafasi tena. Mama alijitwika moja, dada yake akajitwika lingine, wakatangulia mbele wakitembea. Kijana alikanyaga breki mara mbili, akatikisa kichwa, akatoa kandambili yake iliyokatika na kuongezea mpira wake kwenye ile breki kwa misumari aliyoazima kwa mwenye chukudu mwingine. Alianza kusukuma akiwa mguu mmoja mtupu.