Vifo vya watoto chini ya miaka 5: mwezi wa kwanza ndio mgumu zaidi

Kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai Tanzania, 43 hawafikishi miaka 5. Kati ya hao 43, watoto 24 hufariki kabla ya kumaliza mwezi mmoja tu.

Hayo ni matokeo ya utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022. Yanahusu nchi nzima, lakini mzazi wa Endasak, wilayani Hanang, ana sababu ya kuyajua.

Tulikotoka

Mwaka 1999 vifo vilikuwa 147 kwa kila watoto 1,000. Utafiti wa 2015-16 ulikuta 67. Sasa ni 43.

Vyandarua vyenye dawa na dawa mseto ya malaria vimesaidia sana. Mwaka 2013 zikaanza kutolewa nchini chanjo za kukinga nimonia na kuhara kunakoletwa na virusi vya rota.

Tatizo lipo kwa wachanga. Vifo vya mwezi wa kwanza vilikuwa 25 mwaka 2015-16, na 2022 vikawa 24. Yaani karibu palepale.

Kinachoua wachanga

Sababu kubwa ni tatu: kuzaliwa njiti, kushindwa kupumua wakati wa kuzaliwa, na maambukizi. Chandarua hakizuii hayo. Kinachotakiwa ni mhudumu mwenye ujuzi, palepale mama anapojifungulia.

Mfano upo hukohuko Manyara. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, iliwapa wahudumu wake mazoezi mafupi ya mara kwa mara ya kumsaidia mtoto kupumua, wakitumia mdoli. Vifo vya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015.

Mtoto asiyepumua anatakiwa asaidiwe ndani ya dakika moja. Akizaliwa nyumbani, dakika hiyo inapita kabla hata bodaboda haijapatikana.

Baada ya mwezi wa kwanza

Hapo wauaji wakubwa ni nimonia, kuhara na malaria.

Endasak iko kwenye nyanda za juu, karibu na Mlima Hanang, na Manyara ni kati ya mikoa yenye malaria kidogo. Hivyo homa ya mtoto isichukuliwe moja kwa moja kuwa malaria, apimwe. Nimonia ndiyo ya kuangaliwa sana, hasa mtoto anapolala kwenye nyumba yenye moshi wa kuni.

Nyuma ya magonjwa hayo kuna utapiamlo. Asilimia 30 ya watoto chini ya miaka 5 nchini wamedumaa. Mtoto ambaye mwili umedhoofika huzidiwa haraka na ugonjwa ambao mwenzake angepona.

Dalili za kumkimbiza mtoto kituoni

- Hanyonyi, au anatapika kila kitu
- Amepata degedege, amelegea au haamki
- Kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi
- Mchanga ana joto kali, au mwili ni wa baridi
- Kitovu ni chekundu au kinatoa usaha
- Anapumua haraka

Pumzi zihesabiwe kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia. Ni hatari zikifika 60 kwa mtoto chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 hadi 11, na 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5.

Anayeharisha apewe maji ya chumvichumvi (ORS) na vidonge vya zinki, na aendelee kunyonya na kula. Akiwa na macho yaliyodidimia au kinyesi chenye damu, apelekwe kituoni.

Kabla ya siku ya kujifungua

Kwa sera ya afya, wajawazito na watoto chini ya miaka 5 hutibiwa bure kwenye vituo vya serikali. Kinachochelewesha wengi ni usafiri na uamuzi. Familia ikubaliane mapema: mama atajifungulia kituo gani, nani atampeleka hata kama ni usiku, na nauli imewekwa wapi. Baba akiwa safarini, mama asilazimike kusubiri ruhusa ya simu.