Maristani ya Sultani Qalawun: jengo la rehema na jasho la shokoa



Katika miaka ya 1270, zama za Sultani Baybars wa Misri, amiri mmoja wa jeshi aitwaye Qalawun alishikwa na msokoto mkali wa tumbo akiwa Damascus. Matabibu wakamtibu kwa dawa zilizotoka katika maristani ya mji ule, yaani hospitali, iliyojengwa na Sultani Nuruddin Mahmud Zangi mwaka 1154. Alipopona alipanda farasi akaenda kuiona mwenyewe. Inasimuliwa kuwa aliistaajabia sana, akaweka nadhiri kwamba Mwenyezi Mungu akimjaalia ufalme naye atajenga ya kwake. Mwaka 1279 akawa Sultani.

Aliona nini Damascus? Jengo lenyewe bado lipo na tangu mwaka 1978 ni makumbusho ya tiba na sayansi. Ukiingia unakutana na ua wa mraba ulio wazi juu, katikati kuna birika la maji, na pande nne zimezungukwa na iwani nne. Iwani ni ukumbi mrefu wenye dari ya upinde, kuta tatu, na upande wa nne uko wazi kuelekea uani. Mgonjwa aliyelala humo anapata kivuli mchana kutwa, anaona mbingu, anasikia maji, na upepo unampitia bila jua kumchoma. Kuta nene za mawe huchelewesha joto la mchana kuingia ndani, na usiku hewa baridi hutua uani na kubaki humo hadi asubuhi. Hakuna uchawi hapo. Ni watu waliojiuliza kwanza mgonjwa anahitaji nini, ndipo wakaanza kupanga mawe.

Msafiri wa Andalusia, Ibn Jubayr, aliifika maristani hiyo mwaka 1184 na akaandika kuwa wasimamizi walikuwa na daftari lenye majina ya wagonjwa na gharama za dawa na chakula chao, na matabibu wakipita kila asubuhi kuwakagua. Daftari la wagonjwa, ndugu zangu, zaidi ya miaka mia nane iliyopita!

Qalawun alitimiza nadhiri yake katika miaka ya 1284 na 1285, pale Cairo, mtaa wa Bayn al-Qasrayn, maana yake baina ya makasri mawili. Alijenga vitu vitatu pamoja: kaburi lake, madrasa, na maristani. Kaburi na madrasa viliwekwa mbele, kandokando ya barabara kuu. Katikati yake ukapitishwa ujia mrefu, na huo ndio uliokuwa ukikufikisha kwenye maristani huko nyuma. Wapo wanaosema Sultani alitaka kaburi lake lionekane na kila mpita njia, na huenda ni kweli, wafalme ni wafalme. Lakini mgonjwa naye alifaidika kwa kukaa mbali na kelele za soko na kwato za farasi.

Mwanahistoria al-Maqrizi ametuachia maelezo ya mpangilio wake. Iwani nne walipewa wagonjwa wa homa. Kulikuwa na ukumbi wa wagonjwa wa macho, ukumbi wa majeruhi, ukumbi wa wenye kuharisha, na sehemu ya wanawake peke yao. Kulikuwa na jiko, mahali pa kutengeneza na kuhifadhi dawa, na mahali pa mganga mkuu kukaa na kusomesha tiba. Na maji yalitiririshwa katika sehemu zote hizo. Leo kutenganisha wenye kuharisha na wenye vidonda tunaona ni jambo la kawaida, lakini limepangwa katika ramani ya jengo miaka mia sita kabla wataalamu hawajavitambua vijidudu vinavyosababisha maradhi hayo.

Jengo peke yake halitibu mtu, na hapa ndipo ilipo sehemu ambayo mimi binafsi naipenda kuliko mawe yote yale. Ni hati ya wakfu. Sultani aliweka wakfu mali nyingi, na mapato yake yakawa ndiyo ya kuendesha maristani. Hati ikaeleza mambo kwa udogo wake: mgonjwa awe na kitanda na godoro, chakula chake kiletwe kimefunikwa, awe na chombo chake cha kulia asichochangia na mwingine, na wakati wa joto apewe pepeo la ukindu. Anayepona na kutoka apewe nguo. Anayefariki aoshwe, akafiniwe na azikwe kwa fedha ya wakfu. Hata maskini aliyelala nyumbani kwake aliweza kupelekewa dawa na chakula. Na mlango ukawa wazi kwa wote, mfalme na mtumwa, mwanamume na mwanamke, mwenyeji na mgeni.

Ibn al-Nafis, tabibu aliyeeleza namna damu inavyopita kwenye mapafu, alisomea tiba Damascus akaishi Cairo, na alipofariki mwaka 1288 aliiachia maristani hii nyumba yake na vitabu vyake.

Kama ningeishia hapa ingekuwa hadithi nzuri ya kuwasomea watoto kabla ya kulala. Lakini historia haikatwi nusu.

Kiwanja kile hakikuwa kitupu. Palikuwa na kasri ya zamani iliyokuwa mikononi mwa binti wa kifalme wa ukoo wa Ayyubi, naye akaondolewa na kupewa kasri nyingine badala yake. Msimamizi wa ujenzi alikuwa amiri Sanjar al-Shujai, mtu mkali. Wanahistoria wanasimulia kuwa mateka wa vita walitumikishwa, mafundi wa Cairo na Fustat wakakatazwa kufanya kazi ya mtu mwingine yeyote, na mawe na nguzo zikang'olewa katika ngome ya Sultani aliyetangulia kisiwani Rawda. Mpita njia naye alisimamishwa, hata akiwa mtu mwenye cheo chake, akalazimishwa kubeba jiwe hadi ujenzini. Ikawa shokoa. Watu wakaacha kupita mtaa ule. Ndivyo kazi kubwa kama hiyo ilivyomalizika kwa mwaka mmoja na ushei tu.

Watu wa wakati ule hawakunyamaza. Liliandikwa swali la fatwa: je, yafaa kusali mahali ambapo wenyewe walitolewa na wafanyakazi walilazimishwa? Wako wanachuoni waliojibu kuwa haifai, na watu wakajizuia kusali pale. Al-Maqrizi, aliyeandika zaidi ya miaka mia moja baadaye, anawatetea wajenzi kwa namna ya ajabu kidogo. Anauliza, ni mtawala gani kabla ya Qalawun ambaye hakufanya hivyo hivyo? Wa kabla yake nao walinyang'anya. Kwa maoni yangu huo si utetezi. Kuwa mwizi wa pili hakumfanyi mtu kuwa mwenye mali.

Nilipoisimulia habari hii darasani, mwanafunzi mmoja wa kike aliuliza: "Maalim, yule aliyebebeshwa jiwe kwa nguvu, naye ana fungu katika sadaka ile?" Nikamwambia malipo yake yako kwa Mola wake, na huyo hadhulumu. Kisha nikawarudisha Madina, mwaka 622.

Mtume (S.A.W) alipofika Madina, kiwanja alichokichagua kujenga msikiti kilikuwa cha mayatima wawili, Sahl na Suhayl. Imepokewa kuwa walitaka kukitoa bure, naye akakataa ila akinunue. Angalieni, anayeomba ni Mtume wa Mwenyezi Mungu, jengo ni msikiti, wenyewe wameridhia, na bado bei ikalipwa. Jengo lile lilikuwa la matofali ya udongo, nguzo za mitende na paa la makuti. Lakini lilikuwa na Suffa, kivuli walichokaa na kulala maskini wasio na jamaa. Na baada ya vita vya Khandaq, mwaka 627, Saad bin Muadh alipojeruhiwa, alipigiwa hema ndani ya msikiti huo huo auguzwe karibu na Mtume. Kwa hiyo wodi ya hospitali tuliijua msikitini kabla ya maristani yoyote ya mawe.

Msafiri mwingine, Ibn Battuta, aliiona maristani ya Qalawun mwaka 1326, akaandika kuwa uzuri wake hauelezeki. Miaka mitano baadaye, mwaka 1331, msafiri huyo huyo akashuka pwani yetu ya Mombasa kabla ya kwenda Kilwa. Aliona nini cha kuandika kuhusu majengo? Misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na penye mlango wa kila msikiti kisima kimoja au viwili vifupi, vyenye chombo cha mbao cha kutekea maji. Anayeingia ananawa miguu, kisha anaifuta kwenye mkeka mzito uliowekwa mlangoni. Hapakuwa na nguzo za marumaru. Lakini aliyejenga alimfikiria mtu mwenye miguu yenye mchanga anayetaka kusali, na msafiri aliyekwishaona Cairo aliona jambo hilo linastahili wino.

Haya nayaandika kwa sababu kamati zetu nyingi zinajenga. Nimefundisha miaka mingi chini ya mabati yasiyo na dari, madirisha upande mmoja tu. Saa saba mchana watoto wanasinzia juu ya juzuu, na mvua ikinyesha sauti ya mwalimu haifiki safu ya pili. Nimeona mahali mnara unachangiwa kwanza na vyoo vya wasichana vinasubiri "awamu ya pili". Nimewahi pia kumwona fundi akizungushwa malipo yake miezi kadhaa, akiambiwa eti ni kazi ya Mungu, naye ana watoto nyumbani.

Maristani ya Qalawun iliendelea kutibu watu kwa karne nyingi, kisha wakfu wake ukadhoofika, na Wafaransa walipoingia Cairo mwaka 1798 waliikuta imechakaa. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikajengwa hospitali ya macho katika eneo lile lile. Iwani za wagonjwa zimebaki magofu machache. Kilichosalimika vizuri ni kaburi la Sultani na madrasa yake, kule mbele barabarani.

Wallahu a'lam.