Mkasi Ulikuwa kwa Nani? Riwaya ya Waamish Ikisomwa Turwa
Muhula uliopita nilitoa mada semina juu ya Plain Truth, riwaya ya Jodi Picoult iliyotoka mwaka 2000. Sijafika hata ukurasa wa pili, mwenzangu mmoja akanikatiza: "Hao Waamish wapanda vigari vya farasi huko Marekani wanatuhusu nini sisi?" Watu wakacheka. Mwingine akaongeza kwamba riwaya ya upelelezi ni fasihi pendwa tu, ya kusomea kwenye basi. Siku ile sikuwa na jibu. Makala haya ndiyo jibu langu, na ninaanzia nyumbani kwetu, Turwa, wilayani Tarime.

Mwaka 1934 wamisionari wa Kimennonite kutoka Lancaster, Pennsylvania, akiwamo Elam Stauffer, walifungua kituo chao cha kwanza Tanganyika pale Shirati, kando ya Ziwa Victoria. Baadaye wakafika Nyabasi, kwetu Wakurya. Lancaster hiyohiyo ndiyo mandhari ya riwaya ya Picoult. Tena Waamish na Wamennonite ni ndugu wa tumbo moja: wote wametokana na Waanabaptisti wa Ulaya wa karne ya 16, waliokataa kubatiza watoto wachanga na kushika silaha. Walitengana mwaka 1693, Jakob Ammann aliposhikilia kwamba mshirika aliyefukuzwa kanisani atengwe kabisa, hata mezani asile na wenzake. Yaani ugomvi uliowazaa Waamish ulihusu namna ya kumtendea mkosaji. Mwandishi wa riwaya ya upelelezi angetaka nini zaidi?

Kisa chenyewe ni hiki. Mtoto mchanga anakutwa amekufa katika banda la ng'ombe. Katie Fisher, binti wa miaka 18 asiyeolewa, anakana hata kuzaa, naye anashtakiwa kwa mauaji. Wakili wake, Ellie Hathaway, analazimika kukaa naye shambani. Hapo ndipo riwaya inapopata nguvu, maana wakili na mteja hawasemi lugha moja. Kwa wakili, kukiri ni kujitia kitanzi. Kwa Katie, kukiri mbele ya kanisa ni njia ya kurudi nyumbani. (Mapenzi ya wakili mwenyewe nayaruka. Yanakula kurasa nyingi bure.)

Nilimsimulia bibi yangu kisa hiki jioni moja tukichambua maharage. Bibi alibatizwa Mmennonite tangu usichana, na mpaka leo hutawadhana miguu na wenzake kanisani. Nilipofika kwenye mkasi uliokata kitovu, kwamba umetafutwa haukuonekana, akaniuliza, "Mura, mkasi wa nyumba hukaa kwa nani?" Nikanyamaza. "Kwa mama wa nyumba," akajijibu, akaendelea na maharage yake. Mimi nilisoma riwaya nzima ndipo nikajua! Kesi inapokwisha kwa makubaliano, ni Sarah, mama yake Katie, anayemletea wakili ule mkasi. Na wakili ananyamaza.

Sasa linganisha na riwaya yetu ya upelelezi. Tangu Mzimu wa Watu wa Kale ya Mohamed Said Abdulla (1960), Bwana Msa hukaa na kiko chake, husubiri, kisha hufumbua fumbo lote. Msomaji huondoka ameshiba. Picoult anatupa mahakama, anatupa kanisa, lakini ukweli unabaki baina ya wanawake wawili. Nadhani ndiyo maana bibi alimwahi mwandishi. Mkurya anajua kuna jambo la ritongo, la kusemwa hadharani mbele ya wote, na kuna jambo la inchama, wazee wa siri, ambalo halitoki nje.

Lakini sikubaliani na wanaosifu mwisho ule kuwa ni msamaha. Tarehe 2 Oktoba 2006, huko Nickel Mines, Lancaster, mtu mmoja aliwapiga risasi wasichana kumi wa Kiamish katika shule yao. Watano wakafa, naye akajiua. Waamish walikwenda kwenye maziko yake na kumfariji mjane wake. Huo ni msamaha, na kila mtu aliuona, kwa kuwa kosa lilijulikana na aliyelitenda alijulikana. Kwa Sarah hakuna aliyesamehe, maana hakuna aliyeambiwa. Binti amebeba hukumu ya mama, na mwandishi anatutaka tulipokee hilo kama upendo. Hapo anatuchezea. Kificho kimevishwa kanzu ya msamaha, na anayedhulumiwa ni yule mchanga asiyeweza kudai.

Nilimwambia bibi hivyohivyo. Nikamuuliza, basi yule mtoto nani alimlilia? Akaniambia nimletee karai jingine, hili limejaa.