Nguvu Ipimwe kwa Chombo: Habari za Spika katika Mitaa ya Eastlands

Msomaji, mitaa ya upande wa mashariki wa Nairobi, ambayo kwa jina moja huitwa Eastlands, imejulikana kwa muziki tangu siku zake za kwanza. Ukipita Jumamosi alasiri toka Pumwani hata Dandora, utasikia taarabu dirisha hili, rumba dirisha lile, na ngoma za vijana katika la tatu. Lakini pamoja na raha hiyo kuna hasara ambayo hurudiwa mwaka hata mwaka. Mtu huweka akiba miezi mingi, akanunua kikuza sauti, ambacho mafundi wetu hukiita amplifaya, pamoja na spika mbili. Akakiwasha kwa furaha, na baada ya majuma machache spika zikanyamaza. Mwenye mali husema kwamba nguvu zilizidi. Fundi akifungua sanduku na kutazama, mara nyingi huona kinyume chake, yaani nguvu zilipungua.

Je, nguvu ndogo yaweza kuua spika kubwa? Hiki ni kitendawili, na ili tukitegue yafaa tujue kwanza habari za vyombo hivi, na jinsi vilivyoingia katika nyumba zetu.

Mwaka 1906 Lee de Forest wa Marekani alitengeneza valvu iliyoweza kuuongeza mkondo dhaifu wa umeme. Mwaka 1925 Wamarekani wengine wawili, Chester Rice na Edward Kellogg, walieleza namna ya kutengeneza spika ambayo ndiyo mama wa karibu spika zote tunazozitumia leo. Ndani yake mna koili ya waya mwembamba iliyoning'inizwa katikati ya sumaku. Umeme upitapo katika koili, koili husukumwa mbele na nyuma. Nayo imeshikamana na utando mfano wa karatasi, na utando huo huisukuma hewa, hewa ikawa sauti. Kumbuka jambo hili moja: waya ule ni mwembamba, na umeme mwingi huutia moto. Sehemu ndogo sana ya nguvu iingiayo katika spika hugeuka kuwa sauti. Iliyobaki huwa joto tu.

Nairobi ilianza kusikia matangazo ya redio mwaka 1928, lakini matangazo hayo yalikusudiwa walowezi. Wakati huo Waafrika wa mji walikuwa wakikaa Pumwani, mtaa uliopimwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Baadaye ukaja Shauri Moyo katika miaka ya 1930, na Kaloleni katika miaka ya 1940. Nyumba nyingi zilikuwa ndogo, na starehe zilikuwa za shirika. Watu walikusanyika katika jumba la mtaa kucheza dansi, kusikiliza hotuba na kujadili mambo ya nchi. Katika jumba la Kaloleni, tarehe 23 Aprili 1950, Makhan Singh alitoa hoja ya kudai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki. Ukumbi kama huo una dari ya juu na watu mamia, na miili na nguo za watu humeza sauti. Mahali kama hapo nguvu nyingi ina kazi ya kufanya. Lakini chumba cha mtu si jumba la mtaa, nasi tutaona kwamba kusahau tofauti hiyo ndiko kulikoleta hasara nyingi.

Sauti ilipoanza kuingia chumbani, iliingia na nguvu ndogo. Mwaka 1949 ilitolewa redio ya betri kwa ajili ya wasikilizaji wa Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo leo ni Zambia. Nayo, kwa kuwa bweta lake la bati lilifanana na chungu cha kupikia, ikapewa jina la redio ya sufuria. Baadaye zikaja redio za transista. Transista yenyewe ilikuwa imevumbuliwa Marekani mwaka 1947, na redio ya kwanza ya mfukoni ya namna hiyo ikauzwa huko mwaka 1954. Redio hizo ndogo hazikutoa hata wati moja kamili ya sauti. Hata hivyo moja iliyowekwa dirishani iliweza kusikiwa na watu waliokaa uani.

Liwezekanaje jambo hili? Sababu ya kwanza ni kwamba sikio la mwanadamu halihesabu kama duka lihesabuvyo. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Ukiiongeza nguvu maradufu, toka wati 10 hata 20, sauti huongezeka desibeli 3 tu, kiasi ambacho msikilizaji hukitambua kidogo. Ili sikio likiri kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, nguvu haina budi kuongezwa karibu mara kumi. Basi anayekibadili kikuza sauti cha wati 50 kwa kile cha wati 100 amelipa fedha nyingi kwa badiliko dogo.

Sababu ya pili ni wepesi wa spika yenyewe. Spika moja ikipewa wati moja, nawe ukiisikiliza kwa umbali wa mita moja, yaweza kutoa desibeli 84. Nyingine kwa wati hiyo hiyo hutoa 94. Tofauti yao ni desibeli 10, maana yake ile ya kwanza yataka nguvu mara kumi ili iifikie ya pili. Namba hii huandikwa katika karatasi ya maelezo, lakini wanunuzi wachache huiuliza. Yafanana na mtu anunuaye jembe akauliza uzito wake, asiulize makali yake.

Mwaka 1954 Edgar Villchur wa Marekani alitengeneza spika ya sanduku dogo iliyotoa besi nzito kama ya sanduku kubwa. Lilikuwa jambo la ajabu, lakini lilikuwa na gharama yake: sanduku hilo dogo lilihitaji nguvu nyingi zaidi kuliko makubwa ya zamani. Alan Blumlein wa Uingereza alikuwa ameandikisha ugunduzi wake wa sauti ya stirio mwaka 1931, na santuri za stirio zilipoanza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1950, kila nyumba ikataka spika mbili badala ya moja. Spika zikawa ndogo, zikawa mbili, na njaa yao ya umeme ikazidi. Transista nazo zikaifanya nguvu kuwa rahisi. Basi mitaa kama Buruburu na Umoja ilipojengwa katika miaka ya 1970, na viwanja vya Dandora vilipogawiwa, dunia ilikuwa imekwisha kuingia katika mashindano ya wati.

Palipo na mashindano hapakosi hila. Watengenezaji wengine waliandika juu ya sanduku nguvu ambayo chombo kingeweza kuitoa kwa kitambo kidogo kuliko kufumba na kufumbua jicho, kisha wakaizidisha. Huko Marekani serikali iliweka sheria mwaka 1974, kwamba anayetangaza nguvu ya kikuza sauti cha nyumbani hana budi kutaja nguvu ya mfululizo, ile iwezayo kudumu. Lakini hila haikufa. Ukienda barabara ya Luthuli, palipo maduka mengi ya vyombo vya umeme Nairobi, utakuta bado masanduku yaliyoandikwa herufi PMPO na wati elfu kadha wa kadha. Usibishane na mwenye duka. Geuza chombo, usome kibati cha nyuma kielezacho kiasi cha umeme kinachotumia. Kama kimeandikwa wati 60, basi chombo hicho hakiwezi kudumu kikitoa sauti ya wati 60, sembuse 3,000. Kwa maana hakuna kisima kitoacho maji kuliko yaingiayo.

Sasa turudi kwenye kitendawili chetu. Tuseme kijana wa Makadara ana kikuza sauti cha wati 20 za kweli, na spika zilizoandikwa wati 100. Hudhani yu salama, kwa kuwa 20 ni ndogo kuliko 100. Siku ya sherehe hukizungusha kitufe mpaka mwisho. Sauti ya muziki huenda kama mawimbi, yenye vilele na mabonde. Kikuza sauti kikifika mwisho wa uwezo wake hakiwezi kukipandisha kilele zaidi, kwa hiyo hukikata. Wimbi lililokuwa mviringo likawa bapa kama meza. Wimbi la namna hiyo huchukua nguvu nyingi kuliko lile la kawaida, hata kukaribia maradufu ya ile iliyoandikwa. Tena mkato huo huzaa sauti kali za juu ambazo hazikuwamo katika wimbo, nazo huelekea twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba. Twita ina waya mwembamba kuliko wote, wala haikuumbwa kustahimili wati 100. Namba ile iliandikwa kwa ajili ya sanduku zima, kwa kudhani kwamba sehemu kubwa ya nguvu itakwenda kwenye besi. Basi waya huungua. Hivyo ndivyo mnyonge amuuavyo mwenye nguvu: kwa kulazimishwa kufanya asiloliweza.

Si kwamba nguvu nyingi haina madhara. Kikuza sauti cha wati 300 chaweza kuupasua utando wa spika ya wati 30 kwa dakika moja ya uzembe. Lakini hicho, kikitumiwa kwa mkono wa kiasi, hutoa wimbi safi. Kile kidogo kilichobanwa hakiwezi kulitoa hata kwa dua.

Liko kosa jingine, nalo ni la kuongeza spika bila kuhesabu. Kila spika huukinza umeme, na ukinzani huo hupimwa kwa omu; spika nyingi za nyumbani ni za omu 8 au 4. Ukiziunga sambamba spika mbili za omu 8, kikuza sauti huona omu 4; ukiunga nne, huona 2. Kadiri omu zipunguavyo, mkondo huzidi. Kikuza sauti kitoacho volti 20 hupeleka ampea 2.5 katika omu 8, yaani wati 50. Katika omu 4 hutakiwa kupeleka ampea 5, yaani wati 100. Kama hakikutengenezwa kwa mzigo huo, transista zake hupata moto na kuungua. Lakini spika mbili za omu 8 zikiungwa kwa kufuatana huwa omu 16, na mzigo hupungua. Kabla ya kuunga waya, piga hesabu. Kalamu ni rahisi kuliko transista.

Sasa tupime nyumba ya kawaida ya Eastlands. Vyumba vingi vya kupanga ni vya futi kumi kwa kumi, na msikilizaji hukaa mita mbili tu kutoka kwenye spika. Mazungumzo ya watu ni kadiri ya desibeli 60. Spika yenye kutoa desibeli 88 kwa wati moja yatosha kuyafunika mazungumzo hayo kwa wati moja hiyo. Lakini mpigo wa ngoma hupanda ghafula kupita wastani wa wimbo kwa desibeli 10 na zaidi, na desibeli 10 ni nguvu mara kumi. Kwa hiyo yafaa kuwe na akiba. Katika chumba hicho, wati 20 hata 50 za kweli kwa kila spika zatosha kabisa. Kanuni yenyewe ni fupi: linganisha omu kwanza, kisha nguvu ya mfululizo ya kikuza sauti iwe sawa na ile ya mfululizo ya spika, au iizidi kidogo, mwisho, sauti ikianza kukwaruza, rudisha kitufe nyuma mara moja.

Liko na jambo lililo kubwa kuliko fedha. Wataalamu wa afya ya kazi husema kwamba mtu asikae katika sauti ya desibeli 85 zaidi ya saa nane kwa siku, na kila desibeli 3 zikiongezeka, muda huo ukatwe nusu. Kwa desibeli 100 muda ulio salama ni dakika 15 tu. Spika huuzwa dukani, na twita iliyoungua hubadilishwa. Lakini chembe za ndani ya sikio zikifa hazioti tena. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu, na baadaye matatu za Eastlands zikapata sifa kwa nguvu za muziki wao. Wengi walidhani kwamba sifa hiyo yaweza kuhamishiwa chumbani. Lakini mwaka 2009 Kenya ilitoa kanuni za kuzuia kelele, kwa kuwa ukuta wa mtu mmoja ni ukuta wa jirani yake pia, na nyuma yake pengine yuko mtoto mchanga, au mgonjwa, au mwanafunzi kama wewe ajitayarishaye kwa mtihani.

Msomaji, wazee wa Pumwani na Kaloleni waliisikiliza dunia kwa nguvu isiyofika wati moja, nao walisikia mengi. Sisi tumepewa nguvu mamia, nazo ni neema tukijua kuzipima. Utakaposimama dukani na fedha za jasho la mzazi wako mkononi, usiulize chombo hiki kina wati ngapi tu. Uliza ni wati za namna gani, kwa omu ngapi, kwa spika ipi, na kwa chumba cha ukubwa gani. Muuzaji atakayeweza kukujibu maswali hayo manne astahili fedha zako. Na asiyeweza, mwachie sanduku lake.