Kuzidi na Kuliko: Historia Fupi ya Ulinganisho katika Tafsiri

Utangulizi

Siku moja tulipokuwa Mwembesongo, mjini Morogoro, tulisimama mbele ya tangazo lililobandikwa ukutani. Lilisema kwamba watoto walioandikishwa darasa la kwanza walikuwa wengi zaidi kuliko wa mwaka uliotangulia, na kwamba wazazi waje mkutanoni wazungumzie madawati. Mzee mmoja aliyekuwa akisoma kando yetu akauliza: "Mwanangu, wamezidi kwa wangapi? Wakiwa watano, watabanana. Wakiwa mia, tukatafute mbao." Hatukuwa na jibu, kwa kuwa tangazo lenyewe halikuwa nalo. Baadaye tulipata kuiona taarifa ya Kiingereza iliyofasiriwa. Humo mlikuwa na neno "far" mbele ya "more", yaani tofauti ilikuwa kubwa sana. Neno hilo dogo ndilo lililopotea njiani.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini vielezi vya namna hiyo hupotea, na jinsi historia ya lugha yetu yenyewe inavyoweza kumwonyesha mfasiri mahali pa kuviweka.

Njia mbili za asili

Kiswahili kina njia mbili kongwe za kulinganisha. Ya kwanza ni ya kitenzi: kuzidi, kupita, kushinda, na kinyume chake kupungua. Husemwa, "Mto huu umeupita ule kwa kina." Lugha nyingi za Kibantu hufuata njia hiyo hiyo. Waganda hutumia kitenzi okusinga, na wasemaji wa Lingala hutumia koleka, ambacho maana yake ya msingi ni kupita.

Njia ya pili ni ya neno kuliko. Neno hili limejengwa kwa kiambishi cha mahali ku-, shina -li- lenye maana ya kuwa, na kirejeshi cha mahali -ko. Kwa hiyo maana yake ya asili ni "mahali alipo" au "mahali kilipo". Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu wa Kianglikana huko Unguja, alilieleza hivyo katika kitabu chake cha sarufi kilichotolewa mwaka 1870. Tukisema, "Hamisi ni mrefu kuliko Juma," tunasema kwamba pale alipo Juma, Hamisi ndiye mrefu.

Tofauti ya njia hizi mbili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kitenzi kinaweza kubeba kielezi: amemzidi kidogo, amemzidi sana, amemzidi kwa mbali, amemzidi kwa inchi mbili. Kuliko hakiwezi. Mtu akisema, "Hamisi ni mrefu sana kuliko Juma," neno sana limekamata urefu wa Hamisi; halipimi nafasi iliyopo baina ya watu hawa wawili. Msikilizaji anaweza kuelewa kwamba Hamisi ni mrefu mno, lakini asijue kama Juma ameachwa kwa unywele au kwa pima.

Mchango wa Kiarabu

Pamoja na njia hizo, Kiswahili kilipokea maneno kutoka Kiarabu. Zaidi limetokana na neno lenye maana ya "kilichozidi", na ni la shina moja na kitenzi chetu kuzidi. Kiarabu pia kina maumbo maalumu ya sifa za ulinganisho, na baadhi yake yaliingia kwetu yakiwa yamekwisha kuganda: afadhali, aula, aghalabu na akali. Maneno hayo kwa asili yalikuwa na maana ya bora zaidi, enye kustahiki zaidi, wengi zaidi na wachache zaidi. Kwetu akali imebaki kuwa na maana ya uchache tu, nayo aghalabu imekuwa kielezi cha mara nyingi. Walau nalo limetokana na maneno ya Kiarabu yenye maana ya "hata kama", na leo ni neno la kuonyesha kiwango cha chini.

Kiswahili basi hakikukosa vifaa. Masoko ya pwani na ya bara yaliendeshwa kwa vipimo vilivyotaka usemi ulio wazi: vibaba viwili vilifanya kisaga kimoja, na visaga viwili vilifanya pishi. Aliyedai kwamba kipimo kimezidi alitakiwa aseme kimezidi kwa kibaba au kwa nusu yake.

Sarufi, usanifishaji na wingi wa tafsiri

Waandishi wa sarufi wa karne ya 19, wakiwamo Ludwig Krapf aliyetoa kitabu chake mwaka 1850 na Steere tuliyemtaja, walikuwa wakiwaandikia wageni waliozoea sifa zenye daraja tatu. Hivyo ilikuwa kawaida kuuliza Kiswahili husemaje daraja ya pili, na jibu lililokaa vizuri katika jedwali lilikuwa kuliko au zaidi. Baada ya Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi za Afrika Mashariki kuundwa mwaka 1930, Kiunguja kikiwa msingi wa lugha sanifu, vitabu vya shule vilienea, na jibu hilo likaenea pamoja navyo.

Mwaka 1967 mambo mawili yalitokea Tanzania. Mwezi Januari serikali iliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zake zote, na mwaka huo huo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria. Nyaraka, fomu na taarifa nyingi zilihitaji kufasiriwa kwa haraka. Mfasiri mwenye haraka hutafuta neno kwa neno. Alipokutana na "more" aliandika zaidi. Alipokutana na "much more" au "many more" aliandika tena zaidi. Kiingereza hutenga "much" kwa kisichohesabika na "many" kwa kinachohesabika. Kwetu upatanisho wa ngeli hutosha kwa kazi hiyo: maji mengi, watu wengi. Lakini "watu wengi zaidi" imelazimika kubeba maana mbili, yaani watu waliozidi kidogo na watu waliozidi sana.

Kinachoweza kupotea

Tuchukue mfano wa hesabu. Shamba lilitoa magunia 10 mwaka jana. Tukiambiwa mwaka huu limetoa "mara tatu zaidi", je, ni magunia 30 au 40? Wasomaji wawili waweza kuleta majibu mawili. Tukisema mavuno yamefikia mara tatu ya yale ya mwaka jana, ni 30 tu. Tukisema yamezidi kwa magunia 30, ni 40 tu.

Katika sheria uzito huongezeka. Katika uchaguzi wa Rais wa mwaka 1995, Katiba ya Tanzania ilimtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura halali. Mabadiliko ya Kumi na Tatu ya Katiba, ya mwaka 2000, yalibadilisha sharti hilo, ikawa inatosha apate kura nyingi zaidi kuliko mgombea mwingine yeyote. Kwa upande wa Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inataka zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, pamoja na angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Tuseme wagombea watatu wamepata kura 400, 350 na 250. Wa kwanza ana kura nyingi zaidi kuliko wenzake, lakini hana zaidi ya nusu. Kwa sharti moja ameshinda. Kwa sharti jingine bado hajashinda. Mfasiri anayechanganya "zaidi ya" na "zaidi kuliko" anaweza kumpa mtu kiti ambacho sheria haikumpa.

Mapendekezo

Kwanza, penye kielezi cha kupima tofauti, mfasiri aanze na kitenzi: kuzidi au kupungua, kisha kidogo, sana, kwa mbali, au idadi yenyewe. Pili, kuliko kitumike pale ambapo ukubwa wa tofauti hautajwi. Tatu, viwango vya sheria viandikwe kwa vitenzi vya kukanusha: isiyozidi, isiyopungua. Nne, penye "mara" itumike kufikia mara kadhaa ya kitu fulani, na zaidi liachwe.

Hatupendekezi istilahi mpya hata moja. Kila neno tulilolitaja lilikuwa likitumika sokoni kabla ya ofisi zetu kujengwa. Tangazo lile la Mwembesongo lingeweza kusema, "Watoto walioandikishwa wamewazidi kwa mbali wale wa mwaka jana," likataja na idadi, na mzee yule angejua kama aende kutafuta mbao.