Uzio wa Minyaa

Novemba 24, 1874, Joseph Glidden, mkulima wa Illinois nchini Marekani, alipewa hataza ya waya wenye miiba. Miezi mitatu baadaye, Februari 27, 1875, mpelelezi Henry Morton Stanley alifika Kageyi, Usukumani, mashariki ya Mwanza, wapagazi wake wakiwa wamebeba mashua ya Lady Alice vipande vipande. Waya wa Glidden ukaenda kuyakatakata malisho ya Marekani. Usukumani, kazi ya kuzungushia mifugo uzio ilikuwa tayari na mwenyewe: mnyaa.

Kupanda minyaa hakuhitaji fundi wala mtaji. Hukatwa kijiti, kikaachwa kinyauke kidogo, kisha kikachomekwa ardhini. Mnyaa huvumilia kiangazi bila kumwagiliwa. Ng'ombe hawaugusi kwa sababu ya utomvu wake mweupe, na hata binadamu anayeupogoa hujihadhari, maana utomvu huo ukiingia machoni unaweza kumpofusha. Ukisongamana unakuwa ukuta wa kijani unaozunguka kaya nzima, na mifugo ikalala ndani salama dhidi ya fisi na wezi. Tena, kadiri unavyozeeka ndivyo unavyozidi kuwa mnene, jambo ambalo nguzo iliyoliwa na mchwa haiwezi kamwe.

Lakini huo ulikuwa uzio wa usiku. Mchana ng'ombe walilindwa na vijana wenye fimbo, wakifuata majani mbugani na mabua mashambani baada ya mavuno. Waya ungewafungia mahali pamoja wakati mvua za Usukuma hunyesha hapa zikaruka pale.

Miaka ya 1890 sotoka iliteketeza mifugo. Pasipo ng'ombe wa kula majani wala watu wa kutosha kufyeka, vichaka vilirudi, na mbung'o wakarudi navyo. Kuanzia miaka ya 1920, Charles Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mbung'o kutoka Shinyanga, aliwatumia watemi kukusanya maelfu ya watu wafyeke mapori. Ng'ombe walipata nafasi, ila miti ilipotea kwa upana wa kutisha. Pamba nayo ilichukua sehemu yake. Familia iliyozoea kufunga zizi kwa matawi ya miiba ikalazimika kuyafuata mbali, na thamani ya mnyaa ikapanda.

Serikali ya kikoloni iliona tatizo ni wingi wa ng'ombe. Mpango wa maendeleo wa Usukuma, ulioanza 1947, ulikuja na amri za kupunguza mifugo na namna ya kulima. Watu walizipinga kwa nguvu, na kufikia 1958 amri nyingi zilikuwa zimelegezwa au kuachwa. Walikuwa na haki ya kukasirika: hakuna aliyewauliza jinsi walivyokuwa wakilinda malisho kabla ya bwana shauri kufika.

Walikuwa na ngitili. Hayo ni malisho yanayofungwa mvua zinapoanza, yakaachwa yakue, kisha yakafunguliwa kiangazi kwa ndama, ng'ombe wazee au wagonjwa, na maksai wa kulimia. Mara nyingi hayakuwa na uzio wowote. Kilichoyalinda ni makubaliano, na aliyeingiza mifugo kabla ya wakati alitozwa faini.

Operesheni Vijiji ya katikati ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu kutoka kwenye kaya zao, na ngitili nyingi zikatelekezwa pamoja na minyaa iliyozunguka maboma. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Badala ya kuleta waya, maofisa wake waliwaomba wanavijiji kufufua desturi ya ngitili. Hekta zilizokuwa mia chache zikazidi 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000, na 2002 HASHI ikapata Tuzo ya Ikweta. Dagashida, mkutano wa jadi wa Wasukuma, ndiyo ilikaa kusikiliza kesi za waliovunja mipaka, walinzi wa jadi wa sungusungu wakisimamia hukumu. Kiangazi kikikolea, ngitili ilifunguliwa sehemu moja baada ya nyingine, hadi mvua mpya.