Urani Ilipita Kamina, Nani Alilindwa?

Historia ya reli, kambi ya jeshi na mawe ya Shinkolobwe inaonyesha jinsi madini yalivyopewa walinzi, na familia zikaachwa bila habari

Mwaka 1928 yalitokea mambo mawili ambayo wakati huo hakuna aliyeyaunganisha. Katika Kongo ya Wabelgiji, kampuni ya reli ya BCK ilikamilisha njia kutoka Bukama hadi Port-Francqui, mji ambao leo ni Ilebo. Ilikuwa safari ya zaidi ya kilomita 1,100, na Kamina ilikuwa miongoni mwa vituo vyake. Huko Stockholm, Sweden, madaktari wa eksirei waliunda kamati ya kimataifa ya kuwakinga watu na madhara ya eksirei na radiamu. Tangu hapo wakubwa wa viwanda hawakuwa na udhuru wa kusema kwamba hatari ya mionzi haijulikani. Na tangu hapo mawe yenye urani nyingi kuliko yoyote yaliyokuwa yakichimbwa duniani yalikuwa na njia ya reli ya kupita Kamina. Kinga ya Stockholm haikupanda treni hiyo.

Mawe yenyewe yalitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, mji ulioitwa Jadotville enzi za ukoloni. Aliyeyagundua mwaka 1915 ni Mwingereza Robert Rich Sharp, mtafiti wa Union Minière du Haut-Katanga. Miaka hiyo urani haikuwa na soko kubwa, ilitumika zaidi kutia rangi vioo na vyombo vya udongo. Kilichotafutwa ni radiamu, ambayo hospitali na watengenezaji wa saa waliinunua kwa bei ya kutisha. Mawe yalisafirishwa hadi kiwanda cha Olen, Ubelgiji, na kuanzia 1922 Wabelgiji wakashika karibu soko lote la radiamu duniani.

Muda si mrefu, madhara yalianza kuonekana. Nchini Marekani, wasichana waliopaka nyuso za saa rangi yenye radiamu walikuwa wakiilainisha brashi kwa midomo yao. Taya zao zilioza na mifupa ikavunjika. Kesi ya baadhi yao dhidi ya mwajiri ilimalizika mwaka huohuo wa 1928. Mwaka 1934 Marie Curie, aliyeigundua radiamu pamoja na mumewe, alikufa kwa ugonjwa wa damu uliohusishwa na kazi yake. Magazeti ya Ulaya na Marekani yaliandika hayo yote. Katanga, mawe yaliendelea kuchambuliwa kwa mikono.

Treni za vita

Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia mgodi ulikuwa umefungwa na mashimo yamejaa maji. Lakini Edgar Sengier, mkurugenzi wa Union Minière, alikuwa amekwisha kudokezwa na wanasayansi kwamba urani inaweza kuzaa silaha. Mwaka 1940 alipeleka New York tani zipatazo 1,200 za mawe na kuyahifadhi katika ghala la Staten Island. Tarehe 18 Septemba 1942 Kanali Kenneth Nichols wa jeshi la Marekani alimtembelea ofisini, na mazungumzo mafupi yakatosha kuyanunua yote. Baada ya hapo Wamarekani walisaidia kuvuta maji mgodini, na Shinkolobwe ikafunguliwa upya.

Njia ya kusafirisha nayo ilikuwa na hatari zake. Bandari ya Lobito ilikuwa Angola, koloni la Ureno, nchi ambayo haikuwa upande wowote vitani na iliyojaa wapelelezi. Kwa hiyo shehena ilielekezwa kaskazini ndani ya Kongo yenyewe: treni kutoka Likasi, Tenke, Bukama, Kamina, Luluabourg, hadi Port-Francqui. Hapo ilishushwa na kupakiwa kwenye majahazi ya mto Kasai hadi Léopoldville, leo Kinshasa, kisha treni nyingine hadi Matadi, kisha meli. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika kwenye bomu la Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945, ilichimbwa Shinkolobwe.

Ulinzi ulikuwepo, tena mkali. Idara ya ujasusi ya Marekani ya wakati wa vita, OSS, ilituma watu wake Kongo ili jiwe hata moja lisifike Ujerumani. Kila mtu aliyegusa shehena alikuwa wa kutiliwa shaka, lakini mikono yake haikumhangaisha yeyote. Siri ya kilichobebwa hawakuambiwa hata Wamarekani wengi waliokuwa wakitengeneza bomu lenyewe, sembuse kuli aliyelala juu ya magunia au mke wake aliyefua nguo zenye vumbi hilo. Mwaka 1946 Sengier alipewa nishani ya heshima na serikali ya Marekani.

Ngome ya watu wa mbali

Vita vilipokwisha, hofu ilihamia kwa Umoja wa Kisovieti. Ubelgiji iliogopa kumezwa tena kama mwaka 1940, ikaamua kujijengea mahali pa kukimbilia ndani ya Afrika. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kambi kubwa ya anga ilijengwa nje ya mji wa Kamina. Ilipewa jina la kifupi BAKA, ikawa na njia za ndege, mahanga na nyumba za maofisa, na marubani wa Kibelgiji wakafundishwa hapo kwa ndege za Harvard. Kwa maneno mengine, Kamina iliteuliwa kuwa kimbilio la vita vya nyuklia kwa watu wa nchi iliyo zaidi ya kilomita 6,000 kutoka hapo. Kazi ya pili ya kambi ilikuwa kuwa karibu na madini ya Katanga.

Historia iliyofuata haikubadilisha sana mpango huo. Julai 1960, siku chache baada ya uhuru, askari wa Ubelgiji waliruka kutoka Kamina kwenda kuwatoa raia wao Luluabourg. Baadaye kambi ilishikwa na Umoja wa Mataifa. Novemba 1964, makomando wa Kibelgiji waliobebwa na ndege za Marekani walitua Kamina kabla ya kushuka Stanleyville kuwaokoa mateka wa kigeni. Mei 1978, Kolwezi iliposhambuliwa, ndege zilitua Kamina tena kwa kazi kama hiyo. Mara zote tatu njia za ndege za Kamina ziliokoa familia, na mara zote tatu walioorodheshwa kwanza walikuwa wageni.

Mashimo yalipofunguliwa kwa mikono

Uhuru ulipokaribia, Wabelgiji waliacha kuchimba Shinkolobwe na kuziba mashimo makuu kwa zege. Kongo haikukosa elimu ya atomu. Chuo kikuu cha Lovanium, Kinshasa, kilikuwa na kinu cha nyuklia tangu 1959, cha kwanza barani Afrika, kilichosimamishwa na mkuu wa chuo, Monsinyori Luc Gillon, ambaye mwenyewe alikuwa mwanafizikia. Lakini elimu hiyo ilibaki kilimani pale chuoni, na hata ulinzi wake ulivuja: fimbo mbili za mafuta ya nyuklia ziliibwa, moja ikapatikana Italia mwaka 1998, mikononi mwa wahalifu.

Huku Katanga, Gécamines, mrithi wa Union Minière, iliporomoka katika miaka ya 1990 na maelfu ya vijana wakabaki bila mshahara. Kobalti ilipopanda bei, walirudi Shinkolobwe kuitafuta kwa sururu na magunia. Kijiji kizima kikaota juu ya machimbo: wake, watoto, maduka, jiko karibu na lundo la mawe. Tarehe 28 Januari 2004 Rais Joseph Kabila alitia saini amri ya kufunga eneo hilo. Uchimbaji haukukoma. Julai mwaka huo shimo liliporomoka na kuua watu wanane. Ndipo Umoja wa Mataifa ulipotuma wataalamu, waliosema kwamba hatari iliyo karibu zaidi ni kuporomoka kwa udongo, na kwamba kukaa hapo muda mrefu kunamweka mchimbaji kwenye mionzi isiyofaa.

Sheria ya kuwakinga wananchi na mionzi ilikuwa tayari ipo tangu Oktoba 2002. Nguvu yake ilipimwa Novemba 2007, pale mawe yenye mionzi yaliyokamatwa Likasi yalipoamriwa yarudishwe Shinkolobwe, na badala yake sehemu yake ikatupwa katika mto Mura.

Kinachoweza kufanyika lupangoni

Baba au mama wa familia anayesoma haya Kamina leo ana haki ya kuuliza: mimi nifanye nini? Wataalamu wana kanuni tatu, na hakuna hata moja inayouzwa dukani. Ya kwanza ni muda: kaa karibu na chanzo kwa dakika chache iwezekanavyo. Ya pili ni umbali: ukiongeza umbali mara mbili kutoka kwenye chanzo kidogo, mionzi inayokufikia hupungua mara nne. Ya tatu ni kizuizi: ukuta, udongo au maji mengi kati yako na chanzo.

Kwa mawe ya urani, adui mkubwa ni vumbi na gesi ya radoni, kwa sababu sehemu ya mionzi yake haipenyi ngozi lakini hudhuru ikishaingia mapafuni. Kwa hiyo mawe ya machimbo hayalali chini ya kitanda, wala hayajengi msingi wa nyumba. Tahadhari hiyo inahusu hata koltani, kwa kuwa mara nyingi hubeba urani na thori ndani yake. Nguo za mchimbaji zifuliwe peke yake, mikono ioshwe kabla ya kula bukari, na chumba kipate hewa. Vidonge vya iodini, ambavyo watu hutajiana kila zinaposikika habari za nyuklia, husaidia tu panapovuja iodini yenye mionzi kutoka kinu cha nyuklia. Kwa vumbi la Katanga havifai kitu.

Wanunuzi wa vyuma chakavu wana funzo lao. Septemba 1987, mjini Goiânia, Brazil, watu wawili walibomoa mashine iliyoachwa katika kliniki tupu na kuuza chuma chake. Ndani mlikuwa na unga wa sezi yenye mionzi uliong'aa kwa rangi ya buluu, na familia ziliugawana kama pambo. Watu 249 walipatikana na uchafu wa mionzi na wanne walikufa, mmoja wao mtoto wa miaka sita. Hakuna aliyekuwa amewaeleza maana ya alama iliyo juu ya mashine kama hiyo.

Ni kweli kwamba Haut-Lomami, jimbo ilipo Kamina, imeumizwa zaidi na maafa mengine. Kipindupindu hurudi mara kwa mara kwenye maziwa ya Upemba, kuanzia Bukama hadi Malemba-Nkulu. Aprili 2014 treni ya mizigo iliyojaa abiria ilianguka Katongola, si mbali na Kamina, na kuua makumi ya watu. Mwaka 2017 polio ilizuka jimboni. Lakini dhidi ya polio kilifanyika kitu ambacho urani haikufanyiwa kamwe: watoa chanjo walibisha hodi mlango kwa mlango, wakaeleza ugonjwa ni nini na mzazi afanye nini.

Kazi hiyohiyo inawezekana kwa mionzi. Kifaa cha kuipima ni kidogo kiasi cha kuingia mfukoni. Serikali ya jimbo na shirika la reli la SNCC wanaweza kuanza na maghala ya kituo cha Kamina, masoko ya vyuma chakavu na magunia ya koltani, kisha matokeo yasomwe redioni kwa Kiswahili na Kiluba, hata kama ni mazuri. Miaka themanini ya kuyalinda mawe inatosha.